Rangi Isifiche Ufa: Somo la Posho Mili

Wanakikundi, injini ikifunguliwa kwa fundi, msikubali bloki ipakwe rangi juu ya uchafu. Rangi haishiki kwenye grisi, tena inaweza kuficha ufa.

1. Osheni bloki kwa maji moto na sabuni. Ikaukapo, silinda ipakeni oili mara moja isishike kutu.

2. Zibeni matundu yote. Sugueni nje kwa brashi ya waya, kisha tafuteni ufa.

3. Funikeni mahali pa kukalia gasketi. Hapo rangi ikiingia, injini inaweza kuvuja.

4. Futeni nje kwa thina, mbali na moto. Pakeni rangi ya kuvumilia joto, koti mbili nyepesi.

Swali: Nani atakagua bloki kabla hamjamlipa fundi?