Zima Muziki, Usikie Kinachovuma


Soma kwanza: Zaburi 139:23-24.

Vijana wenzangu, hapa Dutwa natengeneza amplifaya za zamani. Mteja akisema "inavuma", nachomoa spika zote. Mvumo ukiendelea, basi spika na maikrofoni hazina kosa. Ni transfoma yenyewe. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma hutikisika mara 100. Vibati vyake vikilegea, vinagongana. Wengi huongeza muziki tu ili wasiusikie, ila mvumo uko palepale.

Dawa yake ni kuzima, kuchomoa waya ukutani, kuhakikisha kapasita hazina umeme (zinaweza kukupiga hata amplifaya ikiwa imezimwa), ndipo ukaze boliti.

Rafiki, dhambi unayoogopa kuiungama, au kinyongo na ndugu yako, simu na muziki vitaifunika tu. Mwenye zaburi anamwomba Mungu amchunguze ndani kabisa.

Leo usiku zima simu dakika 10. Sikiliza kinachovuma. Kama ni dhambi, mtafute padre ukaungame. Kama ni ugomvi, kesho mfuate huyo ndugu yako.

Ee Bwana, nijalie ujasiri wa kunyamaza mbele yako. Amina.