Asili na Malezi: Usingizi, Miraa na Kilumi Katika Saikolojia ya Fahamu

Methali mbili za Kiswahili zinakinzana: "Mtoto wa nyoka ni nyoka" na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ya kwanza hushikilia asili, ya pili, malezi. Makala haya yanabainisha kwamba hali za fahamu hazielezeki kwa methali moja pekee. Mifano inatolewa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, na kwingineko nchini Kenya.

Kwanza ni usingizi. Mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi ambapo macho ya aliyelala huenda mbio chini ya kope, kipindi chenye ndoto nyingi. Mizunguko ya usingizi, takriban dakika 90 kila mmoja kwa mtu mzima, ni ya kimaumbile. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, Super na Harkness walichunguza watoto wachanga wa Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis. Watoto hao walilala ubavuni mwa mama zao wakinyonya usiku, nao walichelewa kuzoea usingizi mrefu wa mfululizo kuliko wenzao wa Marekani. Haja ya kulala huzaliwa. Ratiba yake hufunzwa.

Pili ni dawa. Miraa, inayolimwa Meru, ng'ambo ya Mto Tana kutoka Tseikuru, ina kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo. Nguvu yake hupungua majani yanaponyauka, ndiyo maana husafirishwa kwa haraka. Mwanafunzi anayeitafuna ili akeshe akisoma hujipunja, kwani ubongo huimarisha kumbukumbu za masomo wakati wa usingizi. Aidha, jeni huchangia wepesi wa mtu kuwa mraibu, lakini marafiki, desturi na upatikanaji wa dawa huchangia pia.

Tatu ni kilumi, ngoma ya uganga ya Wakamba. Mdundo na uchezaji wa muda mrefu huweza kumfikisha mchezaji katika hali ya kupagawa. Uwezo huo umo katika ubongo wa binadamu. Jina la pepo na namna ya kumchezea hutoka kwa jamii.

Hivyo basi, anayemwambia kijana mraibu kwamba alizaliwa hivyo humnyima tumaini, na anayelaumu malezi pekee humtwika mzazi mzigo usio wake wote. Methali hizo mbili zisomwe pamoja.