Utafiti wa kazi urudi kwa wenye kazi

Ukitaka kuandika tasnifu kuhusu wafanyakazi wa daladala, weka dodoso kando kwanza. Nenda stendi. Kama uko Dar es Salaam, kaa Gongo la Mboto au Mbagala Rangi Tatu asubuhi na jioni, mpaka ujue nani dereva wa kudumu wa gari lile, nani deiwaka anayeshika usukani mwenzake akienda kula, nani mpiga debe na analipwaje kila gari linapojaa. Barua ya chuo na kibali cha utafiti unavihitaji, lakini havitakufungulia kinywa cha mtu. Konda huzungumza na aliyemzoea.

Kisha kuwa makini na swali moja ambalo limepotosha tafiti nyingi: "Umeajiriwa au umejiajiri?" Dereva asiye na mkataba wala mshahara wa mwezi atakujibu kwamba amejiajiri, nawe utaweka alama ya vema na kuendelea. Lakini gari si lake. Hesabu, yaani fedha anayopeleka kila usiku, imepangwa na tajiri mwenye gari, na tajiri huyohuyo anaweza kumnyang'anya funguo kesho bila barua wala maelezo. Mtafiti Matteo Rizzo amefuatilia kazi ya daladala za Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuitolea kitabu mwaka 2017. Yeye, Blandina Kilama na Marc Wuyts walionyesha kwamba takwimu rasmi za nguvukazi zinaweza kuwaficha watu wanaofanya kazi kwa ujira, na kwamba chanzo ni namna maswali yanavyotungwa na kuulizwa. Kosa hilo lina gharama. Mtu akishaandikwa mfanyabiashara mdogo, atapangiwa mkopo na semina ya ujasiriamali, ilhali anachokosa ni mkataba.

Kwa hiyo livunje swali hilo vipande vipande. Gari ni la nani? Hesabu ni kiasi gani, na nani aliipanga? Likiharibika njiani nani anamlipa fundi? Siku ya mwisho ambayo hesabu haikutimia, tajiri alisemaje? Majibu ya maswali haya yatakuonyesha uhusiano wa kazi hata pale ambapo mwenyewe hajawahi kuuita ajira.

Kipato nacho usikiulize kwa mwezi, maana hakuna anayelipwa hivyo. Uliza jana. Walitoka saa ngapi, mafuta yalikula kiasi gani, tajiri alipelekewa ngapi, wapiga debe na deiwaka walichukua ngapi, ngapi ziliishia mikononi mwa askari barabarani, na mwishoni dereva na konda waligawana nini. Rudia kwa siku tofauti, Jumapili na siku ya mvua zikiwemo. Andika saa za kazi kwa uangalifu uleule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi. Ukiweza kuonyesha wiki halisi ya dereva ikiwa kando ya saa hizo 45, umewapa wafanyakazi kitu cha kuweka mezani.

Hapa ndipo ninapoona watafiti wengi wanakosea: swali la utafiti hutungwa chuoni, likasomwa na msimamizi, likapitishwa, na wafanyakazi huambiwa tu wajibu. Wakutane nalo mapema. Madereva na makondakta wa Dar es Salaam waliwahi kujijengea chama, UWAMADAR, kikashirikiana na chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, COTWU, kudai mikataba. Watu wa namna hiyo wanajua ni hoja gani wamiliki huzikana na ni ushahidi gani unakosekana. Waulize. Wala usidhani kwamba vibarua wa siku hawawezi kujipanga. Waliogoma bandarini Dar es Salaam mwaka 1939 walikuwa vibarua wa siku. Hata hivyo usiridhike na viongozi peke yao, kwani kiongozi wa stendi akikuchagulia watu wa kuhoji utasikia sauti moja. Tafuta deiwaka. Tafuta aliyefukuzwa wiki iliyopita.

Na huyo aliyefukuzwa usimhoji ukaondoka. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Mwambie hivyo siku hiyohiyo, maana matokeo ya tasnifu yatakapotoka muda wake utakuwa umekwisha.

Linda majina. Usiandike namba ya gari. Njia, saa na umri vikiwekwa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu kwa tajiri wake, hasa akiwa amekueleza habari za hesabu au za askari. Usimhoji mfanyakazi huku tajiri wake anasikia, na usimzuie konda gari linapopakia. Dakika zako kumi ni abiria wake. Mfuate gari likiwa gereji au kwenye foleni ndefu, na bajeti yako iwe na fungu la kufidia muda wa watu.

Kabla hujakabidhi kazi chuoni, rudi stendi na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mahesabu ya siku, saa za kazi na mambo matatu uliyoyabaini. Wasomee, wakusahihishe. Watakuambia, kwa mfano, kwamba umesahau pesa ya kuoshea gari, au kwamba hesabu ilipanda baada ya wewe kuondoka. Sahihisha, kisha uache nakala kwa chama chao na jedwali zima la takwimu likiwa limeondolewa majina, ili kikao kijacho na wamiliki au na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, waende nalo wenyewe bila kukusubiri.