Kasongo na Kabambare kwa Mgeni Asiye na Haraka

Anayetafuta mahali patulivu, pasipovurugwa na utalii, huelekezwa Pemba au Mafia. Lakini mbali na bahari, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, ipo nchi nyingine ya Waswahili ambayo watalii hawaijui: Kasongo na jirani yake Kabambare. Panafaa kutembelewa, ila na mtu aliyekubali kwanza kuelewa utulivu wa huko ulitoka wapi. Tippu Tip, mfanyabiashara mzaliwa wa Unguja, aliifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Kabambare kuelekea Ujiji. Huko Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni. Wanawake waliokuja kuuza wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikabanana horini, mamia wakafa kwa risasi na maji. Msafiri Mwingereza David Livingstone alikuwapo, akaandika aliyoyaona. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakaziteka Nyangwe na Kasongo, na biashara ile ikavunjika. Kwa hiyo kuisifu nchi hii kuwa haijaguswa ni kuwakosea wenyeji, kwa maana imeguswa sana.

Wapo watakaosema hakuna cha kuona. Ni kweli, usitegemee magofu ya mawe kama ya Kilwa. Urithi umekaa kwa watu: lugha yao, Uislamu wao, na mpunga ulioenea Maniema pamoja na misafara. Kaa ule wali na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyoungwa kwa mawese, na mbele ya wazee sikiliza kabla ya kuuliza. Habari za utumwa zinahusu koo zilizo hai, za waliouza na za waliouzwa. Msikitini omba ruhusa kwanza, na picha za watu, madaraja na askari usipige bila idhini.

Kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa, hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ya udongo. Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, pikipiki hupita vizuri zaidi. Mvua ikianza, funga mizigo kwa plastiki na hesabu siku za kukwama. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa ya malaria, chandarua, faranga za noti ndogo, na dola ambazo hazijachanika, kwa maana zilizochanika hukataliwa. Ukifika, jiandikishe kwa watu wa DGM, idara ya uhamiaji, kisha ujitambulishe kwa wakuu wa mtaa.

Pingamizi zito ni usalama, na halijibiwi kwa ushujaa. Kabambare iko zaidi ya kilomita 100 mashariki ya Kasongo, na upande wa Salamabila, kwenye mgodi wa dhahabu wa Namoya, makundi yenye silaha yamesumbua raia kwa miaka mingi. Mtu wa pikipiki aliyepita njia hiyo wiki hii, na mama aliyeleta bidhaa kutoka huko, wanajua mengi kuliko kitabu chochote cha wageni. Wakisema njia mbaya, baki Kasongo. Kuna hofu pia kwamba wageni wataiharibu nchi. Mgeni mmoja mmoja anayekaa na kulipa bei ya haki haiharibu. Wanaoweza kuiharibu ni wale wanaopita kwa haraka na kununua kila kitu Kindu. Basi fedha ya chakula, ya malazi na ya mwongozaji itoe mkononi mwa mwenyeji, palepale ulipolala.