Si kila kichwa kinachouma ni malaria
Mtu akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, akatapika na shingo ikakakamaa, wengi huku Kwale, tangu Diani hadi Msambweni, husema ni malaria, kipandauso au pepo. Huenda ni mshipa wa ubongo uliopasuka.

Ukuta wa mshipa ukidhoofika, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye shinikizo la damu, hufura kama tyubu ya baiskeli palipochakaa. Uvimbe huo, anurizimu, waweza kukaa miaka bila dalili.

Utautambuaje? Kichwa cha malaria kwa kawaida huja na homa. Cha mshipa uliopasuka hufikia kilele kwa sekunde au dakika chache. Ukope mmoja ukilegea ghafla na mboni ikapanuka, hiyo pia ni hatari.

Usimpe mgonjwa aspirini. Huzuia damu kuganda. Mpeleke hospitali mara moja, ueleze maumivu yalianza saa ngapi. Hata akiwa amepooza upande mmoja, ni picha ya kichwa itakayotenganisha damu iliyoganda na inayovuja, na dawa ya kuyeyusha damu yaweza kumuua anayevuja. Malaria ikionekana katika damu, uchunguzi usiishie hapo. Mshipa waweza kupasuka tena, hasa katika saa 24 za kwanza.