Kauli ya Kale na Kauli Mpya

Ndugu wasomaji, wako wadhanio kwamba mwanachuoni akibadili kauli yake amejivunjia heshima. Na wako wadhanio kwamba kila kauli mpya ni bora kuliko ya kale. Wote wamekosea, na ushahidi tunao ndani ya madhehebu yetu wenyewe.

Imam Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifundisha Iraki, kisha akahamia Misri, akafariki huko mwaka 204 Hijria (820). Alipokuwa Misri alizipima tena fatwa zake, na nyingi akaziacha. Ndiyo maana vitabuni twasoma "kauli ya kale" na "kauli mpya".

Natuitazame sala ya Magharibi. Kwa kauli mpya, wakati wake ni mfupi: jua likishakuchwa, ni kadiri ya kutawadha, kujisitiri, kuadhini, kukimu na kusali rakaa tano. Dalili yake ni Hadithi ya Jibrili, aliyemsalisha Mtume (s.a.w.) Magharibi siku mbili kwa wakati ule ule mmoja. Kwa kauli ya kale, wakati waendelea mpaka wekundu wa mbinguni utoweke. Na Hadithi sahihi aliyoipokea Imam Muslim yaiunga mkono. Basi Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), hakuona haya kurejea kwenye kauli ya kale, kwani Imam Shafii mwenyewe aliusia kwamba Hadithi isihipo ifuatwe hiyo, iachwe rai yake.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mtu atoka kazini Gilgil, gari likakawia, akafika Nakuru nusu saa baada ya jua kuchwa. Kwa kauli mpya wakati umempita, na sala yake ni kadha. Kwa kauli yenye dalili ya nguvu angali ndani ya wakati, maana kwetu wekundu hukaa karibu saa moja. Hata hivyo asifanye kuchelewa kuwa ada; kuiharakisha Magharibi ni sunna.

Basi ukongwe wa kauli si dalili, wala upya wake si dalili. Ukiletewa jambo, uliza matatu: Je, limesihi? Je, lahusu suala lenyewe? Je, lipo lenye nguvu zaidi? Ukiridhika, geuka bila ya haya, wala usiwadharau waliotangulia. Wao walishika kilichowafikia.

Swali la darasa: Ni ipi kauli uishikayo kwa mazoea, na dalili yake huijui?

Wallahu aalam.