Vua Hivyo Viatu Kwanza

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 13, naishi Nairobi. Mwaka jana nilianza kujifunza baleti kila Jumamosi katika ukumbi ulio karibu na kwetu. Mwezi uliopita mwalimu aliwaruhusu wasichana wawili waanze kuvaa viatu vya pointi, vile vya kusimamia ncha za vidole. Mmoja wao ana miaka 12! Mimi aliniambia “bado”, na hakusema mpaka lini. Nikaenda kutafuta vya mitumba pale soko la Toi, nikavipata, vya waridi, karibu saizi yangu. Usiku watu wakilala nafanya mazoezi jikoni nikishikilia sinki. Sasa ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi, na nyuma ya kifundo panauma nikinyoosha mguu. Nimepunguza kula pia ili niwe mwepesi. Mama hajui lolote. Nimesoma kwamba Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13 kama mimi, kwa hiyo naogopa nikingoja nitapitwa. Je, nimechelewa? Na mbona viatu hivi ni vya waridi tu, vya rangi ya ngozi yetu havipo?

Mwenye Hamu, Nairobi

Mwanangu, kabla ya lolote, vitoe hivyo viatu ulikovificha umpe mama yako leo jioni, na umwonyeshe hicho kidole. Atafoka, sikufichi. Mwache afoke amalize, kisha mweleze yote, hata hilo la chakula. Umefika mahali unapohitaji mtu mzima aliye nyumbani kwenu, anayeweza kukushika mguu akautazama.

Weusi huo ni damu iliyovilia chini ya ukucha kwa kubanwa na kugongwa. Usiung’oe wala usiutoboe kwa sindano. Osha mguu kwa maji na sabuni, ukaushe vizuri hata katikati ya vidole, uvae viatu visivyobana. Ukucha mpya utausukuma huo wa zamani polepole, na huchukua miezi. Kidole kikivimba, kikitoa usaha au kikipwita mpaka ukakosa usingizi, nenda kituo cha afya bila kungoja.

Hayo maumivu ya nyuma ya kifundo yananitia wasiwasi kuliko ukucha. Unaponyoosha mguu mpaka mwisho, mifupa ya sehemu hiyo hukaribiana, na nyama laini iliyo katikati hubanwa. Kuna watu waliozaliwa na kijifupa cha ziada hapohapo, nao hawajijui mpaka siku wanapoanza baleti. Mtu wa kukupima ni daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Ukifika usiseme “mguu unauma” ukanyamaza. Sema unacheza baleti, panauma nyuma ya kifundo unaponyoosha wayo, na ulikuwa ukisimamia ncha za vidole. Mwambie pia kama kuna mfupa wowote wa mguu unaouma ukiubonyeza kwa kidole kimoja, kwa sababu hiyo yaweza kuwa dalili kwamba mfupa uliochoshwa umeanza kupata ufa, hata bila kuanguka wala kugongwa. Na kumeza dawa ya maumivu ili uweze kucheza, tafadhali usijaribu.

Sasa kichukue kimoja cha viatu hivyo mbele ya mama, ubonyeze pua yake kwa kidole gumba. Watu wengi hudhani mle ndani mna mbao au chuma. Hamna. Kiatu cha kawaida cha pointi ni vitambaa, karatasi na gunia vilivyopakwa gundi tabaka juu ya tabaka vikakauka, kisha vikafunikwa satini. Gundi hiyo hulainika kwa jasho na joto la mguu, ndiyo maana mchezaji wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Sasa kikunje. Chini ya wayo kuna uti, kipande kigumu cha ngozi au kadibodi kinachokushikilia ukiwa juu. Katika kiatu kilichotumika, uti huo umeshakunjika palipokuwa na upinde wa mguu wa mwenyewe wa kwanza, na upinde wako wewe hauko hapo. Viatu hivi kwa desturi hutengenezwa bila kulia wala kushoto, mvaaji ndiye anayechagua, kisha kila kimoja kinaufuata mguu wake. Kwa hiyo usiku ule jikoni hapakuwa na kitu kilichokubeba. Uzito wako wote ulishukia ukucha.

Gauni la mitumba nalikubali, na sweta, na koti la mvua. Kiatu cha pointi hapana, hata kama hukitolei shilingi. Chako hupimwa ukiwa umekivaa na umesimama, mwalimu akitazama: urefu, upana wa vidole, kina cha pua, ugumu wa uti. Kikiwa kipana, mguu huteleza ndani mpaka vidole vikajikunja. Kikiwa laini kuliko nguvu zako, utapitiliza mbele na kifundo kitaachiwa kazi yote. “Karibu saizi yangu” ni sawa kwa raba za shule.

Nataka pia ujue kwamba hata kiatu kipya, kizuri, kilichopimwa barabara, hakimnyanyui mtu. Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, kucheza juu ya ncha za vidole kukawa sanaa ambayo kila mtu aliitaka. Viatu vyake vilikuwa vya satini laini, vimeshonwashonwa kwa uzi pembeni na chini ya ncha ili vishike umbo lake. Hapakuwa na uti wa maana wala pua ngumu ya kumtegemeza. Kilichompandisha kilikuwa wayo, muundi, paja, tumbo na mgongo, baada ya mazoezi makali chini ya baba yake. Kiatu cha leo humsaidia aliyekwisha kupata nguvu hizo.

Ndizo mwalimu wako anazozitazama anaposema bado. Hutazama kama ukinyoosha wayo, sehemu ya juu ya mguu inakuwa mstari mmoja na muundi au inabaki imeinuka. Hutazama kama unaweza kusimama kwa mguu mmoja ukapanda juu ya mafundo ya vidole zaidi ya mara 20 mfululizo, goti limenyooka, kisigino kikifika juu kilekile kila mara. Wengine huongeza jaribio la ndege: unasimama kwa mguu mmoja, kiwiliwili kimeinama mbele, mguu wa pili umenyooka nyuma, kisha unakunja goti lililokubeba mpaka mikono iguse sakafu, mara 5. Angalau mara 4 goti libaki limeelekea vidole, lisiangukie ndani. Wengine humtaka mwanafunzi aruke kwa mguu mmoja mara 16 huku wakihesabu mara alizotua vizuri. Hakuna kinachotazama cheti cha kuzaliwa peke yake. Mwenzako wa miaka 12 huenda amekuwa darasani tangu ana miaka 7, na miguu yake imefanya kazi ambayo yako haijaifanya.

Wataalamu wa kimataifa wa tiba ya wachezaji walishatoa mwongozo. Wanashauri mtoto asianze pointi kabla ya miaka 12, na aliyeanza baleti akiwa na miaka 8 au zaidi, akihudhuria angalau mara 2 kwa wiki, aingie pointi katika mwaka wa 4. Anayehudhuria mara moja tu kwa wiki wanamshauri asiingie. Wewe uko katika mwaka wa 2 na unakwenda Jumamosi tu. Ninaandika hili nikijua litakuuma. Tena katika umri wako mifupa hurefuka haraka kuliko misuli inavyoimarika, na msichana aliyekuwa imara mwezi wa tatu anaweza kuyumba mwezi wa tisa bila kosa lolote. Mwalimu anayesubiri kipindi hicho kipite anakulinda.

Umenitajia Misty Copeland, basi tuyataje yake yote. Ni kweli alianza na miaka 13, na ni kweli alipanda pointi baada ya miezi michache tu. Lakini alikuwa akihudhuria mafunzo karibu kila siku, mwalimu akimwona kila alipopanda na kila aliposhuka, na mwili wake ulikuwa na kipaji ambacho hata walimu wake walikishangaa. Hakufanya jikoni usiku. Naye pia aliumia: mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji wa mfupa wa muundi uliokuwa na nyufa, akakaa nje ya jukwaa kwa miezi mingi. Cheo cha mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre alikipata mwaka 2015, akiwa na miaka 32. Hesabu mwenyewe kati ya 13 na 32.

Jumamosi hii wahi ukumbini, umsalimu mwalimu kabla wenzako hawajajaa, mwambie ukweli kuhusu viatu. Kisha usimuulize “lini”, maana lini hana. Muulize: “Mwalimu, ni nini hasa unachotaka kukiona mguuni mwangu?” Mwombe akuonyeshe jambo moja au mawili ya kufanyia kazi mpaka muhula ujao. Muulize pia kama kuna darasa la pili katikati ya wiki, hata la watoto wadogo, ambalo unaweza kuingia. Ukilipata hilo darasa la pili umepata kitu kikubwa kuliko jozi mpya ya viatu. Mama akisema nauli ya mara mbili haipo, mwalimu asikie hilo pia. Walimu wengi hujua la kufanya wakiambiwa mapema.

Nyumbani, daktari akishakuruhusu, fanya kazi mchana, miguu peku. Keti kitini, nyayo zimetulia chini, kisha vuta mafundo ya vidole kuelekea kisigino bila kuvikunja vidole vyenyewe, upinde wa mguu uinuke. Mwanzoni utaona haufanyi chochote na misuli ya wayo itakaza upesi, ndiyo iliyolala. Halafu simama ukitazama ukuta, ncha za vidole vya mikono zikiugusa tu, upande kwa mguu mmoja: hesabu 2 kupanda, hesabu 4 kushuka. Uzito ukae kati ya kidole gumba na cha pili. Kifundo kikikimbilia nje, upande wa kidole kidogo, hiyo usiihesabu, na ikitokea mara mbili mfululizo acha kwa siku hiyo. Simama pia kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, siku ukizoea ufumbe macho. Usiruke juu ya saruji ya jikoni. Saruji hairudishi chochote, mruko wote unaishia kwenye mifupa yako.

Watoto wengi wa Kibera wamejifunzia baleti peku, katika vyumba vya madarasa vilivyoondolewa madawati. Nyayo zao zina nguvu. Na Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda hapa Nairobi, alifika mpaka shule ya English National Ballet kule London bila pointi, kwa kuwa wavulana kwa kawaida hawavai viatu hivyo. Mpaka utakaporuhusiwa, bado unacheza baleti kamili.

La chakula nimeliweka peke yake kwa sababu halina mjadala. Rudi mezani leo. Unajenga mifupa utakayoitumia mpaka uzeeni, na misuli inayotakiwa kukupandisha haiwezi kujengwa na njaa. Mchezaji asiyekula hupata nyufa za mifupa upesi kuliko mwenzake, na hedhi huvurugika au hukatika. Kama ulishaanza kuipata na sasa imepita miezi 3 bila kuonekana, mwambie mama na daktari. Ugali, maharagwe, mayai, sukuma wiki, maziwa yakipatikana, na omena, ambayo unaila na mifupa yake yote, hicho ni chakula cha mchezaji. Mwalimu yeyote atakayekuambia upungue kabla ya kukuuliza umekula nini, mama yako akaongee naye.

Umechelewa? Kuwa nyota wa kampuni kubwa ukianzia miaka 12 kwa Jumamosi moja ni njia nyembamba sana, na sitakudanganya. Kucheza vizuri, kusimama jukwaani, kupanda pointi siku moja ukiwa na miaka 16 au 17 na mguu mzima, hujachelewa hata kidogo. Wapo wanaoanza baleti wakiwa watu wazima na baadaye wakavaa viatu hivyo.

Kuhusu rangi, umeuliza jambo la haki. Waridi ilichaguliwa ili kiatu na soksi vifanane na ngozi ya Wazungu, mguu uonekane mrefu bila kukatika. Dance Theatre of Harlem, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, iliwavalisha wachezaji wake soksi na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi ya kila mmoja. Mwaka 2018 watengenezaji wa Freed of London, wakishirikiana na kampuni ya Ballet Black, walianza kuuza vya kahawia. Kwa hiyo vipo, ingawa si kila duka huviweka. Wasiovipata hupaka satini vipodozi vya uso vya rangi yao kwa sponji, safu nyembamba, wakaacha ikauke kabla ya kuongeza nyingine. Siku yako ikifika, paka pia tepe za kufungia, na utafute soksi za rangi hiyohiyo. Ukipaka kiatu ukabaki na soksi za waridi, mguu utakatika palepale kifundoni.